Nyuki wa Kujitegemea: Kuwatambua kwa Milango ya Nyumba Zao

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wakulima na wafugaji nyuki, Singida Mjini



Nawashukuru walioandaa kikao hiki kwa kukubali mada ambayo haina asali ndani yake. Najua nazungumza katika mkoa ambako nyuki akitajwa, mawazo ya msikilizaji yanakwenda mbio kwenye mzinga, kwenye masega, kwenye madumu na chupa za asali zinazopangwa kando ya barabara kuu. Leo naomba mzinga tuuweke pembeni.

Kusudi langu ni moja. Nataka kila atakayetoka ukumbini humu aweze kusimama mbele ya ukuta wa udongo, au boriti kavu, au uwanja uliofagiliwa, atazame tundu moja dogo na aseme: hapa anaishi nyuki wa namna fulani. Nitajaribu kuwaonyesha kwamba nyuki wengi wa Singida hawatambuliki vizuri kwa rangi wala kwa ukubwa, bali kwa nyumba zao. Na kwa kuwa nyingi ya nyumba hizo zimo ndani ya maboma yetu, kuziacha au kuziangamiza ni uamuzi tunaoufanya sisi, mara nyingi bila kujua kwamba tumeamua.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya tembe, yenye paa la udongo na kuta za miti iliyokandikwa matope. Ukuta wa mashariki, ule unaopigwa na jua la asubuhi, ulikuwa na matundu mengi ya kipenyo cha penseli. Nilikuwa nikiweka sikio pale nasikia mvumo mwembamba ndani ya ukuta, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Mama alipokuwa akisiliba nyumba kwa udongo na samadi, upande ule aliuacha. Sikumwuliza sababu, na sasa siwezi tena kumwuliza. Mhadhara huu, kwa kweli, umeanzia kwenye ukuta ule.

1. Neno "nyuki" ni pana kuliko mzinga

Duniani wameelezwa kisayansi zaidi ya aina 20,000 za nyuki. Afrika kusini mwa Sahara peke yake inazo zaidi ya 2,500. Kati ya hizo zote, nyuki wa asali aliye wa asili katika eneo letu ni aina moja tu, Apis mellifera, na huku bara tunaishi na ukoo wake ule mkali ambao kila mlina asali hapa anaujua kwa mwili wake. Waongezeni nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye mapango ya miti na kutoa asali chachu ya dawa. Bado hamjagusa hesabu yenyewe. Sehemu kubwa ya waliobaki hawana malkia, hawana vibarua, hawana ghala la asali. Kila jike anachimba au anatafuta nyumba yake, anakusanya chakula mwenyewe, anataga, anafunga mlango, anaondoka.

Lugha nyingine zimewapa jina lenye maana ya upweke. Mimi silipendi, kwa sababu linamfanya msikilizaji awaonee huruma wadudu wasiohitaji huruma. Sisi tuliokua baada ya Azimio la Arusha la 1967 tuna maneno mawili yaliyokwenda pamoja: ujamaa na kujitegemea. Nyuki wa mzinga ni wa ujamaa. Hawa ninaowazungumzia ni nyuki wa kujitegemea, na hivyo ndivyo nitakavyowaita hadi mwisho. Kujitegemea si kujitenga: mara nyingi utakuta majike wengi wamechimba katika uwanja mmoja, mlango karibu na mlango kama nyumba za mitaa ya Majengo au Utemini hapa mjini, lakini kila mmoja na ufunguo wake.

Maisha yao yanakwenda hivi. Ndani ya shimo jike hutengeneza chumba kidogo. Hukijaza chavua aliyoikanda kwa mbochi mpaka iwe donge. Juu ya donge hutaga yai moja, hufunga chumba, huanza kingine. Mtoto akitoka kwenye yai hukuta chakula chake chote cha utotoni kimeshapimwa. Hula, hunenepa, kisha hulala, na katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua kama yetu anaweza kulala miezi yote ya kiangazi. Mama yake mara nyingi huwa amekufa zamani, kwa maana jike aliyekomaa wa aina nyingi huishi wiki chache tu.

Hapa naomba wafugaji wanisikilize kwa makini. Malkia wa mzinga wenye nguvu, wakati wa maua, anaweza kutaga mayai 1,500 kwa siku moja. Nyuki wa kujitegemea, katika maisha yake yote, mara nyingi hafikishi mayai 30. Mzinga ukipoteza vibarua elfu moja kwa sumu unaweza kujirudishia. Hawa ukiwaharibia kiwanja kimoja, umefuta kazi ya kizazi kizima.

2. Kwanza tuwatenge na wasio nyuki

Hili nitalipitia haraka, maana ni la kujizoeza kwa macho kuliko kwa masikio.

Wako nzi waliovaa sare ya nyuki, wenye mistari ya njano na nyeusi, wanaoelea juu ya ua bila kusogea. Nzi ana mabawa mawili, nyuki ana manne. Mabawa ni magumu kuyahesabu akiwa hai, basi tazama kichwa: nzi ana macho makubwa yanayokaribia kukutana, na vipapasio vifupi mno. Nyuki ana vipapasio virefu vinavyojikunja kama kiwiko.

Nyigu ndiye anayewaponza wengi. Nyigu ana kiuno chembamba, mwili unaong'aa, na nywele chache. Nyuki ana manyoya, na ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia utaona yana matawi kama unyoya wa ndege. Ndiyo yanayonasa chavua. Tofauti kubwa zaidi iko mezani. Nyuki hulisha watoto wake chavua. Nyigu huwalisha nyama. Vile vijumba vya matope vinavyogandamana kwenye kona za dari na nyuma ya picha ukutani, ukivivunja ukakuta buibui waliolegea wasiokufa, hiyo ni kazi ya nyigu. Ukikuta unga wa njano au donge lenye harufu ya uchachu mtamu, umevunja nyumba ya nyuki.

Na kuhusu mwiba: jike wa nyuki wa kujitegemea anao, lakini hana ghala la kulinda, kwa hiyo hakufukuzi. Ukimbana mkononi atakuchoma. Dume hana mwiba kabisa.

3. Nyumba zenyewe

Hapa ndipo penye uzito wa mhadhara wangu, na Mwenyekiti aniwie radhi nikitumia muda mrefu.

Nianze na ardhi. Karibu aina saba katika kila kumi za nyuki duniani hukaa chini ya udongo. Tafuteni asubuhi, jua likishakolea, kwenye uwanja mgumu uliofagiliwa, kwenye njia ya kwenda kisimani, kwenye mwinuko usio na nyasi kando ya majabali yetu. Mtaona kijilima cha udongo laini chenye tundu katikati au pembeni. Msikilizaji atasema: hao ni siafu au sisimizi. Tundu la sisimizi lina msafara, wengi wanaingia na kutoka kwa miguu. Tundu la nyuki ni kimya kwa dakika kumi, kisha anatua mmoja kutoka hewani na kutumbukia. Njia ya uhakika ni glasi ya chai. Ifudikize juu ya tundu saa nne asubuhi, keti kivulini, subiri. Akitoka, atapanda ukutani mwa glasi na utamtazama kadiri upendavyo. Kisha mwachie.

Wengi mtakaowakuta humo ni wa familia ya Halictidae, wadogo, wembamba, wengine weusi, wengine wenye mng'ao wa kijani. Chavua huibeba kwenye brashi ya nywele za miguu ya nyuma, kavu, ikimwagika. Hiyo ni alama muhimu: nyuki wa asali huilowanisha chavua na kuifunga kama kidonge kwenye kikapu cha mguu, hawa huibeba kama unga. Humo humo kuna jamii iitwayo Lipotriches ambayo baadhi yake hukusanya chavua ya nyasi. Mtama, uwele na mahindi yetu ni nyasi. Mtama hauhitaji nyuki ili uzae, upepo unautosha. Lakini yupo nyuki anayeuhitaji mtama. Mkulima anayemwona kwenye suke asimfukuze. Hali nafaka.

Pili, ukuta. Nyuki wa ukuta wa mama yangu, nilikuja kumtambua nikiwa mtu mzima, ni wa jamii ya Amegilla. Ana mwili mnene, ana mikanda ya nywele kwenye tumbo, na katika baadhi ya aina mikanda hiyo hung'aa kwa buluu jua likiipiga. Huruka kwa kasi, husimama ghafla hewani mbele ya ua la kivumbasi, huchomoa ulimi mrefu, hunywa, hutoweka. Mvumo wake ni mwembamba na wa juu. Huchimba kwenye kingo za makorongo na kuta za udongo. Wanafunzi, nawapa kazi ya jioni: jua likikaribia kuzama tazameni vijiti vikavu vya majani pembeni mwa bustani. Madume wa Amegilla hulala nje wakiwa wameuma kijiti kwa taya, miguu ikining'inia, wakati mwingine kadhaa kwenye kijiti kimoja. Nimefundisha biolojia miaka mingi, na sijaona kitu kinachomnyamazisha mtoto mtundu kama nyuki aliyelala.

Tatu, mti. Kipande hiki cha boriti ninachokizungusha, tafadhali kishikeni polepole. Nimekipasua katikati. Mnaona mlango wa mviringo, safi kana kwamba umetobolewa kwa keke ya fundi, kisha njia inapinda na kufuata urefu wa mti. Hii ni kazi ya nyuki mkubwa mweusi, wa jamii ya Xylocopa, ambaye nitamwita nyuki seremala. Hali mti. Huutafuna na kuutema, na unga wenyewe huugandisha kuwa kuta za kutenga vyumba. Mayai yake ni miongoni mwa makubwa kuliko yote katika ulimwengu wa wadudu.

Huyu amewachanganya wengi kwa sababu mke na mume hawafanani hata kidogo. Katika aina ya Xylocopa caffra jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya njano au nyeupe, na dume ni wa rangi ya njano inayoelekea kijani, mwili mzima. Watu huwahesabu kuwa wadudu wawili. Yule anayesimama hewani mbele ya uso wako, akikutazama kana kwamba anakuzuia kupita, aghalabu ni dume anayelinda eneo lake, na nimeshasema dume hana mwiba. Kwenye baadhi ya majike kuna ajabu nyingine: mwanzoni mwa tumbo wana kijimfuko wanamosafiria utitiri wadogo, kutoka nyumba ya zamani kwenda mpya.

Ndugu yake mdogo ni Ceratina, mfupi kuliko punje ya mpunga, mweusi au mwenye mng'ao wa chuma, ambaye hukaa ndani ya vijiti vyenye kiini laini. Hawezi kutoboa ubavu wa kijiti. Anasubiri kivunjike, au mtu akikate, ndipo aingie kwenye kiini. Ukikusanya vijiti vyote vilivyovunjika pembezoni mwa shamba ukavichoma, umechoma mtaa wake.

Nne, tundu la kuazima. Hawa ni wa jamii ya Megachile, nao alama yao ni moja isiyokosea: chavua huibeba chini ya tumbo. Ukimwona nyuki kwenye ua la mbaazi akiinua tumbo juu, na tumbo hilo kwa chini ni la njano kama lililopakwa bizari, huyo ndiye. Wengi wao hawachimbi wenyewe. Hutumia matundu ya bungua, mianzi, matete yaliyokatwa, mpira wa maji uliosahaulika, hata tundu la kufuli. Wengine hukata majani. Mkiona jani la waridi au la mbaazi limekatwa duara safi ukingoni, msinyunyizie sumu, hajala mtu jani hilo. Amekata vipande virefu vya kuta na vipande vya mviringo vya mlango. Wengine huziba kwa utomvu wa miti, wengine kwa udongo. Kwa hiyo tundu moja la mwanzi, ukitazama kifuniko chake tu, linakuambia nani amelala ndani: majani, ulimbo, au matope.

Kuna jambo moja kuhusu matundu haya ambalo bado linanishangaza. Kwa nyuki, yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume, na mama ndiye anayeamua. Katika tundu refu hutaga majike kwa ndani kabisa na madume karibu na mlango. Madume hutoka kwanza. Lau angetaga kinyume, madume waliokomaa ndani wangelazimika kupita juu ya dada zao waliolala.

4. Wageni wasioalikwa

Mtakapoanza kutazama milango hii mtamwona nyuki asiyebeba chavua mahali popote, si mguuni wala tumboni, anayezungukazunguka kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba. Msidhani mmekosea. Jamii ya Thyreus, weusi wenye madoa meupe au ya buluu mazuri mno, hutaga ndani ya vyumba vya Amegilla, na mtoto wao hula akiba ya mwenye nyumba. Coelioxys, mwenye tumbo lililochongoka, hufanya vivyo hivyo kwa Megachile. Mimi sioni sababu ya kuwachukia. Wanapatikana tu mahali ambapo wenyeji wao ni wengi, kwa hiyo ukimwona Thyreus kwenye ukuta wako ujue ukuta huo una afya.

5. Alizeti, bilinganya na hesabu ya mkamuaji

Mkulima ananiuliza kwa macho: yote haya yananihusu nini? Swali la haki.

Kichwa kimoja cha alizeti si ua moja. Ni mkusanyiko wa vijiua mamia, hata zaidi ya elfu, vinavyofunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati kwa siku kadhaa. Kila kijiua hutoa chavua kwanza, kisha baadaye ndipo sehemu yake ya kike hufunguka. Mpango huo unakusudia chavua itoke kwenye mmea mwingine. Mbegu tunayoipanda kwa wingi hapa, ile iitwayo Record, huzaliana kwa uchavushaji huria, na chavua ya alizeti ni nzito na yenye kunata. Upepo haufai kitu. Kijiua kisichotembelewa mara nyingi hukaza ganda bila kiini. Mnayaita mapepe. Mkamuaji wa mafuta anayajua vizuri kuliko mimi, kwa sababu gunia linajaa, mizani inakataa.

Mtu atasema: tuweke mizinga, tumemaliza. Mizinga iwekwe, tena iongezwe. Sera ya ufugaji nyuki ya 1998 na sheria yake ya 2002 zimetufikisha mbali, na mkoa huu ni ushahidi. Lakini mwaka 2006 watafiti wawili, Sarah Greenleaf na Claire Kremen, walichapisha walichokiona kwenye mashamba ya alizeti ya California, yenye mistari ya mimea ya kiume na mistari ya mimea ya kike. Nyuki wa asali wakiwa peke yao hutulia, kila mmoja kwenye mstari wake. Wakikutana na nyuki wa porini kwenye ua moja, hushtuka, huhama, hubeba chavua kutoka mstari wa kiume kwenda wa kike. Kazi ya nyuki yule yule wa asali iliongezeka hadi mara tano. Mwaka 2013 timu kubwa ikiongozwa na Luca Garibaldi ililinganisha mifumo 41 ya mazao sehemu mbalimbali za dunia, ikaona wadudu wa porini huongeza uzazi wa matunda mara mbili zaidi ya nyuki wa asali, kwa kiwango kile kile cha matembezi.

Sogeeni karibu na nyumbani. Nguruman, kusini mwa Kenya, si mbali na mpaka wetu, Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walichunguza bilinganya. Ua la bilinganya haliachii chavua kwa kuguswa. Imefungiwa ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo kwenye ncha. Lazima nyuki alikumbatie na kulitikisa kwa misuli ya mabawa, chavua inyunyizike kama chumvi. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Nyuki seremala anajua, Amegilla anajua, na baadhi ya nyuki wa ardhini wanajua. Waliofanya kazi Nguruman walikuwa hasa nyuki seremala Xylocopa caffra na nyuki mmoja wa ardhini, wote wakitegemea pori lililopakana na mashamba. Simameni karibu na nyanya au bilinganya asubuhi, msikilize. Mvumo ukibadilika ghafla ukawa mkali na mfupi, chavua inamwagwa.

Pia kuna suala la umbali. Nyuki wa mzinga huenda kilomita kadhaa. Hawa wadogo, mita mia chache tu kutoka mlangoni. Shamba kubwa lililolimwa mpaka mwisho wa macho, bila kingo, bila kichaka, bila korongo lenye udongo wazi, katikati yake hakuna wa kulifikia. Na mizinga unaweza kuihamisha usiku kabla ya kupuliza dawa. Ukuta na uwanja huhamishi. Ndiyo maana nawasihi wanaolazimika kupuliza dawa kwenye alizeti iliyochanua: wafanye hivyo jioni, nyuki wakisharudi. Si saa tatu asubuhi.

6. Tunachokipoteza, na tunachoweza kuanza nacho

Sitamwambia mtu arudi kwenye tembe. Nimelala ndani yake mvua ikivuja, najua thamani ya bati na tofali la saruji. Lakini tembe zinapoondoka, kuta za mashariki zinaondoka nazo, na hakuna aliyeandika hasara hiyo katika makisio yoyote ya ujenzi.

Katika shule moja niliyowahi kufundisha kulikuwa na kingo ya udongo nyuma ya madarasa, imejaa matundu ya Amegilla kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mtoto mmoja aliumwa na nyigu, mahali tofauti kabisa. Uamuzi ulitoka wa kumwaga mafuta ya taa kwenye kingo na kuisakafia kwa saruji. Nilizungumza na wakubwa wangu, nikaeleza, sikueleweka. Miaka iliyofuata, bustani ya bilinganya ya shule ilichanua vizuri ikazaa kidogo. Siwezi kuapa kwamba ni sababu hiyo peke yake. Ila tangu siku ile niliahidi kwamba nitakapopewa ukumbi, nitalisema jambo hili kwa sauti.

Tunayoweza kuyafanya hayana gharama. Acheni kipande cha uwanja bila sakafu na bila nyasi. Ukingoni mwa shamba la shule jengeni ukuta wa matofali mabichi, kimo cha kiuno, uelekee mashariki, wenye kijipaa cha kuzuia mvua. Fungeni matete ya kando ya ziwa Singidani, au mianzi, iliyokatwa urefu wa shubiri, imezibwa nyuma na kuachwa wazi mbele, muitundike mahali pakavu penye jua la asubuhi. Nyuki seremala akiingia kwenye kenchi ya nyumba, msimchome moto. Pakeni rangi mbao zenu, kisha mwachieni gogo kavu la mti laini pembeni. Atachagua gogo.

Walimu, kuna mwenzetu mmoja nataka mumfahamu. Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyezaliwa 1823, alikuwa mwalimu kijana mwenye mshahara mdogo huko Carpentras. Aliwatoa wanafunzi nje kujifunza upimaji wa ardhi. Akawaona wanaacha vigingi, wanainama, wananyonya kitu kwa mabua. Walikuwa wamegundua vijumba vya udongo vya nyuki mweusi kwenye mawe, wanafyonza asali yake. Somo la upimaji likafa siku ile. Fabre akatoa mshahara wa mwezi mzima kununua kitabu cha wadudu, na mpaka alipofariki 1915 alikuwa mtu aliyeijua tabia ya wadudu kuliko wengi wa kizazi chake. Wanafunzi ndio walioanza, yeye aliwafuata.

Wanafunzi wetu wanaweza kuanza pia. Hatuna orodha ya nyuki wa kujitegemea wa Singida niliyowahi kuishika mkononi. Ufunguo wa kuwatambua hadi ngazi ya jamii (jenasi) upo: mwaka 2010 Connal Eardley, Michael Kuhlmann na Alain Pauly walichapisha kitabu cha nyuki wa Afrika kusini mwa Sahara, na watafiti wa nyuki wapo Njiro, Arusha, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, na katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya kule Nairobi. Wanachokikosa wataalamu hao ni macho yaliyotulia mahali pamoja mwaka mzima. Macho hayo tunayo.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, naomba kabla hatujaachana shule tano zijitokeze leo, na vikundi viwili vya wafugaji. Kila shule na kila kikundi kichague ukuta mmoja, uwanja mmoja na gogo moja. Daftari liwe na safu chache tu: tarehe, saa, aina ya nyumba, mlango umefungwa kwa kitu gani, chavua imebebwa wapi, ua gani lilikuwa karibu. Tuanze Novemba mvua za kwanza zikigusa udongo, kwa sababu wengi wao huamka nazo, tuendelee Machi na Aprili alizeti ikichanua, tufunge Juni mavuno yakiingia. Yale madaftari tutayaleta hapa hapa, tuyapange mezani, na tutakuwa na kitu cha kupeleka Njiro chenye jina la Singida juu yake.

Maswali nitayajibu sasa, nikianza na binti aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja tundu la kufuli. Na mvua ikiwahi kabla ya Novemba, yeyote atakayeona kijilima cha kwanza uwanjani kwake anitumie ujumbe siku hiyo hiyo. Nitakuja na glasi yangu.